Kishindo Tulipopunguza Sauti

Kijana unayetaka kupiga dramu, anza na viatu. Najua ungependa tuanze na vijiti, ngozi na matoazi, lakini mimi nasema viatu. Soli nene inakuibia mguu. Unakanyaga pedali hujui umekanyaga kiasi gani, na ngoma kubwa inatoka nzito mno au haitoki kabisa. Mimi nilipiga miaka mingi na raba za soli nyembamba, na miaka ya mwisho nilikuwa navua hata hizo, napiga pekupeku. Wenzangu wakasema Deo amezeeka, anapiga dramu kama mtu anayekanyaga ndizi za pombe ya rubisi. Niliwaacha waseme hivyo. Ilikuwa afadhali kuliko wajue sababu.

Sababu nitawaambia, maana ninyi mnaopiga vinanda makanisani na kwenye maharusi hapa Karagwe na kule Kyerwa mmenifuata mara nyingi. Mnataka kujua imekuwaje Kishindo, bendi iliyokuwa inatetemesha mabati, ikaishia kupiga nyimbo za kuwabembeleza wazee wakati wanakula pilau. Wengine mnauliza kwa adabu, wengine mnauliza huku mnacheka kichinichini. Chekeni tu. Lakini mnisome mpaka mwisho, kwa sababu kazi hii ina hofu ambazo hakuna mwalimu wa muziki anayewafundisha.

Kishindo ilianzishwa na Laurenti. Ta Laurenti, kama tunavyomwita kwa heshima ya Kihaya, alitoka Muleba kuja kuuza saruji na mabati, na ndani ya lori lake la kwanza alikuwa na gitaa la umeme pamoja na kisanduku cha kukanyaga kinacholifanya gitaa likorome. Sisi huku tulizoea dansi, gitaa linatiririka polepole na watu wanacheza wamekumbatiana. Yeye alitaka roki. Aliisikia shuleni kwenye redio ya masafa mafupi na haikumtoka tena. Alinikuta napiga ngoma kwenye kwaya, akanikalisha nyuma ya dramu. Akampata Kamugisha wa Kanoni, mkulima wa kahawa mwenye vidole kama mihogo, akampa besi. Tukaanza kuimba kwa kupayuka mambo yetu wenyewe: kahawa iliyooza kwa mvua, barabara, wasichana waliotukataa. Mwenye ukumbi pale Nyaishozi alikuwa anashusha picha zote ukutani kabla hatujawasha mitambo.

Siku zile nilijifunza mambo ambayo bado yanafaa. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia kwenye bawaba za pedali, kwa hiyo beba kitambaa na mafuta kidogo ya cherehani. Wakati wa masika ngozi za ngoma zinalegea, na ukizikaza mno asubuhi zitakulilia mchana jua likitoka. Usikae mbele ya spika ukidhani unafaidi muziki. Na kitu kikubwa kuliko vyote, ziba masikio kwa pamba. Ta Laurenti alikuwa akituambia hivyo, naye hazibi. Mimi nilimfuata kwa matendo yake, si kwa maneno yake.

Baada ya kila dansi mlio ulikuwa unabaki kichwani mwangu, kama senene wanavyovuma kwenye taa, na asubuhi unakuwa umeondoka. Kisha ukafika wakati hauondoki. Masikio yangu yalinitoka kimyakimya, bila kuaga. Kwanza ilikwenda milio midogo, ndege, simu mfukoni, maji yanayochemka. Halafu herufi zikaanza kupotea ndani ya maneno, nikawa nasikia kwamba mtu anasema ila sisikii anachosema mpaka nimtazame mdomo. Nyumbani nililalamika kwamba siku hizi kila mtu ananong'ona. Mke wangu Yustina alijibu kitu. Sikukisikia, na nadhani ilikuwa heri.

Lakini kwenye roki nilikuwa salama. Hili ndilo watu hawalielewi. Kadiri tulivyopiga kwa nguvu ndivyo nilivyokuwa mzima. Besi ya Kamugisha iliniingia miguuni ikapanda mpaka tumboni, sikuhitaji masikio kujua tuko wapi. Kelele ilikuwa nyumba yangu. Nilikaa humo bila wasiwasi, nikiamini nitakufa humo.

Basi sasa fikirini nilivyojisikia siku Ta Laurenti alipotuita dukani kwake, akatukalisha juu ya mifuko ya saruji, akasema tunapunguza sauti.

Kumbi za dansi zilikuwa zimekufa. Vijana walikuwa wanakwenda kwa madijei, na hao madijei walikuwa na spika kubwa kuliko zetu. Kilichobaki kwetu kilikuwa maharusi, sendofu za kuaga mabinti na kipaimara. Na huko nako mambo yalikuwa mabaya, kwa sababu wiki hiyo bibi mmoja alikuwa amefika dukani na mkongojo wake, akakataa kiti, akakataa soda. Tulikuwa tumepiga kwenye sendofu ya mjukuu wake.

"Laurenti," alimwambia, "mtoto wetu alilia, nasi hatukumsikia."

Wale mliokulia mjini niwaeleze. Kwetu binti akiagwa nyumbani kwao hukalishwa mapajani mwa wazazi wake, wanamwambia maneno yao, naye anawaambia yake. Analia. Asipolia watu wanatazamana, wanajiuliza ameishije humu ndani mpaka anaondoka na macho makavu. Kilio hicho wanakisubiri kina mama wote pale, wanakibeba, na miaka mingi baadaye watakaa wakikumbushana fulani alivyolia. Sisi tulikuwa tumemzika yule binti chini ya magitaa. Bibi alikuwa amekuja kudai kilio chake, wala hakuna namna ya kukirudisha.

Ta Laurenti alituambia habari hiyo kwa aibu. Kisha akasema, "Tumezeeka, waitu, ndugu zangu, na watu wetu wamezeeka nasi. Mtu aliyekuwa anaruka Nyaishozi sasa ana presha na wajukuu. Anataka wimbo wa kukaa na mke wake. Anataka kusikia mke wake anasema nini."

Kamugisha alimsikiliza mpaka mwisho. "Hiyo siyo bendi tena, Ta Laurenti. Hiyo ni kwaya isiyo na mchungaji."

Alitupigia maharusi kadhaa kwa kununa, kisha akafunga besi kwenye gunia la kahawa akarudi Kanoni. Hatukugombana naye. Ila aliondoka na mguu wake wa kulia, ule aliokuwa anaugonga chini kila pigo, na mimi ule mguu ndio niliokuwa nausoma. Nilimsindikiza mpaka njiani nikimbebea lile gunia. Yeye alidhani ni urafiki, na kweli ulikuwepo, lakini zaidi ilikuwa hofu.

Mahali pake akaletwa Editha, binti mpiga kinanda wa kanisani, mwenye heshima na vidole vyepesi. Kinanda chake kilikuwa na besi ndani yake. Kilikuwa na violini. Na siku ya kwanza ya mazoezi, akitafuta sauti ya filimbi, alibonyeza mahali pasipo penyewe, kikaanza kupiga dramu chenyewe, bila kosa na bila jasho. Sikuzisikia. Nilijua tu kwa sababu Ta Laurenti aliacha kuimba, akakiangalia kile kinanda kwa muda mrefu kidogo, halafu akaniangalia mimi.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa na umri ambao mtu hajifunzi kazi nyingine. Nilijua dramu tu, na kidogo migomba. Kama wangejua mpigaji wao hasikii, wangenihurumia, wangenifanyia karamu ndogo ya kuniaga na kunipa blanketi, kisha kingewashwa kile kinanda. Nikaamua hawatajua.

Nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri, nakiri. Ta Laurenti aliacha kupayuka, na kumbe chini ya ule mpayuko alikuwa na sauti ya mtu mzima inayojua kubembeleza. Alitunga wimbo wa mume anayemngoja mkewe arudi kutoka sokoni, anamwona mbali njiani na kikapu kichwani, anajisikia kama siku ya kwanza. Hakuna zaidi ya hapo. Redio ya hapa ikaupiga asubuhi na jioni. Wanaume waliokuwa wanatutukana kwamba tumekuwa laini walikuwa wanauimba wakichuma kahawa. Mimi niliujifunza kwa kumwangalia mdomo, kama unavyojifunza njia kwa kumfuata mtu mgongoni.

Editha hagongi mguu. Ilinichukua muda kugundua kwamba kipimo chake kiko kwenye bega la kushoto, linashuka kidogo sana kila mwanzo wa mstari. Nikaanza kuishi kwa bega lile. Siku akivaa sweta nene nilikuwa napiga kwa kubahatisha. Siku moja asubuhi ya baridi alijifunga shuka la kimasai, na nikaomba ruhusa kwamba nina malaria.

Kupiga polepole ni kugumu kuliko kupiga kwa nguvu, msidanganywe. Nguvu inatoka begani, ulaini unatoka kifundoni mwa mkono, na kifundo kilichozoea kulala hakiamki kwa siku moja. Vijiti vilikuwa vizito mno. Zile brashi za chuma wanazopigia wenzetu wa mijini sikuzipata, nikajitengenezea. Chukua nyasi zile ndefu nyembamba ambazo mama zetu wanafungia mifagio ya ndani. Zianike kivulini, ukizianika juani zinakatika. Funga fungu la unene wa kidole gumba kwa kamba ya mgomba, halafu mpini uuzungushie mpira wa ndani wa baiskeli. Unapokokota zile nyasi juu ya ngozi ya ngoma ndogo, nimeambiwa, sauti yake ni ya mtu anayefagia uani mapema wenzake wamelala. Mimi sikuwahi kuisikia. Watu wakakiita kifagio.

Ta Laurenti aliweka kanuni moja ya wakati wa chakula. Lazima tusikie vijiko vikigonga sahani. Tusipovisikia tumezidisha. Kwake ilikuwa kanuni rahisi. Kwangu ilikuwa mtihani kila Jumamosi, kwa hiyo nikawa naviangalia vijiko badala ya kuvisikiliza, na nikiona mtu ameinama kumsogelea mwenzake sikioni napunguza. Kwenye kipaimara kimoja, kabla sijaangalia meza, Editha akanigeukia akatamka vizuri, "Baba Deo, vijiko unavisikia?"

"Navisikia," nikamjibu. "Tuko sawa."

"Leo wanakula kwa mikono, baba."

Alicheka akidhani ni utani wangu. Na mimi nikacheka.

Sasa niwaambie yaliyotupata kule Songambele. Tulialikwa kumuaga binti wa familia ya wafugaji, watu waliotulia pale na ng'ombe wao, wakristo wazuri, wenye maneno machache. Walitufuata kwa sababu walisikia kwamba siku hizi tunapiga kwa adabu. Tulifunga vyombo chini ya turubai pembeni mwa boma, wakatupa maziwa kabla ya kutuuliza majina. Mkataba ulikuwa wazi. Bibi harusi akifika mbele ya wazazi tunapiga taratibu, taratibu zaidi, na akianza kulia tunanyamaza kabisa ili asikike. Ta Laurenti alirudia mara mbili akinitazama mimi, kwa sababu dramu ndiyo inayoharibu.

Niliweka macho yangu kwenye bega la Editha. Wakati huohuo ng'ombe mmoja akavuka nyuma ya turubai, watu wakageuka, na mimi nikageuka nao. Niliporudisha macho, bega lilikuwa pale pale, halishuki. Nikadhani ni mstari mrefu. Nikaendelea kukokota kifagio changu, polepole, nikilisubiri bega. Halikushuka. Kisha nikaona mikono yake iko mapajani. Nikamtazama Ta Laurenti, gitaa lake limening'inia. Nikatazama mbele, na watu wote wa turubai lile walikuwa wananiangalia mimi, na bibi harusi alikuwa kichwa chini mapajani mwa mama yake, mgongo unatikisika.

Sijui nilipiga peke yangu kwa muda gani. Mkono uliogopa kuacha ghafla, ukapunguza wenyewe mpaka ukasimama. Nilijua yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Yustina.

Mwisho wa sherehe shangazi wa bibi harusi, mama mrefu mwenye shuka la bluu, alikuja moja kwa moja kwangu. Akanishika mikono yote miwili. Alisema mengi na sikupata hata neno, nikabaki natikisa kichwa kama mjusi. Ta Laurenti ndiye aliyeyarudia njiani akipiga kelele juu ya mngurumo wa gari, nami namwangalia mdomo. Yule mama alisema hajawahi kuona bendi yenye akili kama ile, wote wananyamaza, kimoja tu kinabaki kumsindikiza mtoto anapolia.

"Deo," akasema Ta Laurenti, "ungeniambia unapanga hivyo."

"Lilinijia palepale," nikamwambia.

Mnaona mlango niliojifungia. Habari ilienea. Kamati zote za harusi, kuanzia Songambele mpaka Nyaishozi, zikawa zinadai kifagio. Ikawa ndiyo alama yetu. Wakati wa kuaga Kishindo yote inanyamaza, Deo peke yake anafagia chini ya kilio cha binti. Wazee waliokuwa wanatukimbia sasa walituwekea siku mapema. Ta Laurenti akasahau habari ya dramu za kinanda. Nami, ambaye sisikii, nikapewa kazi ya kuanza pale kilio kinapoanza na kuacha pale kinapokwisha.

Nilijitafutia dalili. Leso za mashangazi zikipanda machoni, anza. Mama akimpigapiga mgongoni, endelea. MC akinyanyua mkono wenye kipaza sauti, punguza. Kuna siku pale Nyaishozi vumbi la barabara lilimwingia bibi harusi puani, akainamisha kichwa na mabega yakamruka. Nikaanza kufagia. Binti wa watu alikuwa anapiga chafya tu. Lakini turubai zima lilikuwa limeshatoa leso kwa kusikia kifagio, na yeye alipoona mama zake wote wanalia, akalia kweli. Kamati ilitushukuru sana. Mimi usiku huo nilikaa nikihesabu upya dalili zangu.

Niliishi hivyo miaka. Msiniulize mingapi. Kila Ijumaa naiogopa Jumamosi, kila Jumapili namshukuru Mungu kwamba imepita. Muziki wenyewe, uliokuwa furaha ya maisha yangu, ulikuwa umegeuka kazi ya kupeleleza mabega na leso. Nilikuwa nafanya kazi nzuri, nikisifiwa, na sikuwa nafurahi hata dakika moja.

Kisha ikafika zamu ya mwanangu.

Koku ni kitindamimba wetu. Anafundisha watoto wadogo, wale wanaoanza kujua kalamu. Akapata mchumba wa Kyerwa, kijana mpole, tukapokea posa, tukapanga siku ya kumuaga hapa nyumbani. Na kwenye kikao cha kwanza cha kamati nikasimama nikasema kwamba siku hiyo mimi nitampigia mwanangu mwenyewe. Kwenye kiti cha baba atakaa mdogo wangu Josefati, naye ni baba yake vilevile, na mimi nitamuaga kwa kifagio.

Walinipigia makofi. Wengine walisema hawajaona mapenzi ya namna hiyo. Yustina alinitazama muda mrefu, akasema neno moja au mawili, nikatikisa kichwa kana kwamba nimekubali.

Ukweli wenu huu hapa, vijana. Nilikiogopa kile kiti. Pale ndipo baba anapoambiwa maneno na binti yake, naye anatakiwa kuyajibu, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukoo mzima na wakwe. Koku angesema asante, mimi ningejibu pole. Angeniomba baraka, mimi ningemwambia haya, amen, kabla hajamaliza. Wangenijua palepale. Nikaona ni salama zaidi kukaa nyuma ya ngoma, mahali ambapo hakuna mtu anayemsemesha mpigaji. Nilimtoa mdogo wangu akamuage mtoto wangu ili mimi nibaki na kazi yangu. Wakati ule niliona ni akili.

Siku ilipofika jua lilikuwa zuri. Turubai lilikaa kati ya migomba na barabara, nyasi mbichi zimetandikwa mbele ya viti viwili vya wazazi. Ta Laurenti alivaa koti. Editha, Mungu ambariki, alivaa blauzi nyepesi. Tulipiga wimbo wa mume anayemngoja mkewe, wazee wakatikisa vichwa, vijiko vikafanya kazi yake. Nilikuwa nimejipanga. Shangazi yake Koku atatoka naye mlangoni, watapita katikati, watafika kwenye nyasi, leso zitapanda, nitaanza.

Walitoka. Ta Laurenti akanyamaza, mikono ya Editha ikashuka mapajani. Nilinyanyua kifagio nikaangalia leso.

MC alimpa Koku kipaza sauti. Akakishika, akakiangalia, akamrudishia. Josefati alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea. Koku akampita. Alimpita mama yake pia, na Yustina hakushtuka hata kidogo. Alikuja upande wetu, nguo imemzonga miguuni, shangazi anamfuata akijaribu kumshika kiwiko, akasimama mbele ya dramu zangu, karibu kabisa, akafunua kitambaa usoni.

Nilitafuta bega la Editha, yeye naye alikuwa amegeuka. Hapakuwa na kitu cha kusoma isipokuwa uso wa mwanangu.

Akasema. Alisema kwa midomo, polepole, neno moja na nafasi, neno jingine na nafasi, kama anavyowafundisha wale watoto wake, na nadhani hakutoa sauti kabisa.

"Baba. Najua. Mama pia anajua. Shuka uniage wewe."

MC akakimbilia na kipaza sauti, akamwekea mdomoni. Koku akakisukuma kwa nyuma ya mkono. Niliwaona watu wa viti vya nyuma wanasimama, niliiona midomo ya wakwe na ya ukoo wangu wote, wenye masikio yao mazima, wakiulizana amesema nini, amesema nini. Nilikuwa nimemsikia mimi peke yangu.

Niliweka kifagio juu ya ngoma. Nilizunguka matoazi, nikapita mbele ya Ta Laurenti, sikumtazama usoni. Josefati alinyanyuka kwenye kile kiti kabla sijafika. Nikakaa. Koku akakaa mapajani mwangu, mzito, mtu mzima, akaniwekea kichwa begani, na baada ya kitambo mgongo wake ukaanza kutikisika.

Sijui kama nyuma yangu wenzangu walikuwa wanapiga au wamenyamaza. Sikugeuka kuangalia.